Sura Isipotee: Somo la Mwanga, Eksposha na Mpangilio kwa Mwenye Simu Tu

Kila msimu wa mahafali chuo hujaa wapiga picha. Majoho yanapepea, ndugu wameshuka kutoka Mbeya, Tabora na Lindi, na kila mwenye simu anajiona fundi. Jioni picha zinamwagwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na hapo ndipo malalamiko yanaanza. "Mbona nimetoka kivuli?" "Mbona linaonekana anga tu?" Mtu kasoma miaka mitatu, mzazi kauza mahindi na mbuzi, halafu picha itakayotundikwa sebuleni inaonyesha meno, kola nyeupe na giza. Akiuliza, wenzake wanacheka: "Wewe nawe mweusi mno, kamera haikuoni."

Kauli hiyo imezoeleka sana hapa chuoni, na ni uongo. Ngozi nyeusi inapigika picha vizuri kabisa. Inachohitaji ni mpiga picha anayejua mwanga unatoka wapi na kamera inafanya hesabu gani. Mambo hayo mawili hayahitaji bumu zima wala kamera ya milioni mbili.

Sisi wa Elimu hatuingii darasani bila andalio la somo, kwa hiyo nitaje malengo. Ukimaliza kusoma, uweze (a) kuchagua mahali pa kumsimamisha mtu kwa kufuata mwanga, (b) kuirekebisha simu inapokosea kiasi cha mwanga, na (c) kupanga picha ili jicho la mtazamaji liende unakotaka. Zana: simu yako, rafiki mmoja mwenye subira, na manila nyeupe moja.

1. Mwanga: angalia jua kabla ya kuangalia mtu

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Maana yake jua la saa sita mchana hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10, na miezi mingine mingi halikai mbali na hapo. Mwanga unaodondoka toka juu unapiga paji la uso, pua na mashavu, halafu macho yanageuka mashimo. Kofia ya mahafali ndiyo inamalizia kabisa, maana ni mwavuli mdogo juu ya uso.

Kwa hiyo saa ni jambo la kwanza. Asubuhi mpaka kama saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na moja, jua liko chini. Linaingia usoni kwa upande, lina rangi ya joto, na halimfanyi mtu akunje macho. Ila usizubae, kwani huku kwetu jua likishazama giza halichelewi.

Sasa ratiba ya mahafali haikuulizi wewe. Wahitimu wakitoka ukumbini saa saba mchana unafanyaje? Tafuta kivuli cha wazi: chini ya mwembe, ukingoni mwa baraza, mlangoni mwa korido. Msimamishe mtu ndani ya kivuli lakini uso wake uelekee nje, kule kwenye uwazi. Mwanga wa anga lote utamjia usoni taratibu, bila makovu ya vivuli. Angalia machoni mwake. Ukiona kidoa cheupe cha mwanga ndani ya kila jicho, umepatia. Usipokiona, mzungushe kidogo kidogo mpaka kitokee.

Ngozi nyeusi ina siri yake moja, nayo ni kung'aa. Umbo la shavu na taya linachorwa na mng'ao, na mng'ao mzuri hutoka kwenye chanzo kipana: dirisha kubwa, ukuta mweupe unaopigwa na jua, anga lenye mawingu. Chanzo kidogo kama flashi ya simu kinaacha doa kali kwenye paji na kulitupa lililobaki gizani. Hapa manila inaingia kazini. Rafiki yako aishike chini ya kifua cha anayepigwa picha, nje ya fremu, aielekeze juu. Mwanga utaruka kutoka kwenye manila na kujaza chini ya macho na kidevu. Kanga nyeupe au shuka la hosteli vinafanya kazi hiyohiyo.

Tusidhani haya yanahitaji umeme na mitambo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Wateja wengi aliwapiga picha uani kwa mwanga wa jua, nyuma yao kapachika kitambaa cha maua, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida kila mteja alipigwa picha moja tu. Leo picha zile zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho duniani, na sura za wale watu weusi tii zinaonekana mpaka mshono wa kola. Yeye alikuwa na nafasi moja. Wewe una mia, na bado unabahatisha?

2. Eksposha: simu yako inakisia, wewe amua

Eksposha ni kiasi cha mwanga kinachoiunda picha. Ukizidi, picha inaungua na kuwa nyeupe. Ukipungua, inazama gizani. Kwenye kamera kubwa kuna vitu vitatu vya kuchezea:

Tundu la lenzi, linaloandikwa f/2, f/4, f/8, f/16. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia. Tundu kubwa pia hufifisha mandhari ya nyuma.

Kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Sekunde 1/500 inagandisha mchezaji wa ngoma hewani. Sekunde 1/15 mkononi itakuletea ukungu, hata kama unabana pumzi.

ISO, yaani namna kamera inavyoikuza ishara ya mwanga ulioingia. ISO 100 inatoa picha safi. ISO 3200 inakuokoa usiku lakini inaleta chembechembe.

Lugha ya wapiga picha hupima haya kwa stopu. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kuna kanuni ya zamani: kwenye jua kali, weka f/16, ISO 100 na shata 1/100. Ukiingia kwenye kivuli cha wazi, kanuni hiyohiyo inakupeleka f/4. Kutoka 16 kwenda 11, 8, 5.6 mpaka 4 ni stopu nne, na 2 × 2 × 2 × 2 ni 16. Yaani kivulini mwanga unaweza kuwa mdogo mara 16 kuliko juani! Ndiyo maana mtu akisimama chini ya mti huku nyuma yake kuna uwanja unaowaka jua, simu inashindwa kuvibeba vyote viwili. Dawa yake ni ya bure: geuka, mpaka nyuma yake nako kuwe kivuli.

Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, hivyo simu yenyewe inacheza na shata na ISO. Inaamuaje? Kwa msingi, kipimo cha mwanga huchukulia kwamba ukichanganya weupe na weusi wote wa fremu, wastani wake ni kijivu. Hapo ndipo inapodanganyika. Simamisha mhitimu mbele ya Nkrumah Hall, lile jengo la Mlimani lililokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Paa jeupe na anga vikijaa kwenye fremu, simu inasema "hapa pameng'aa mno," inapunguza mwanga, na mhitimu anageuka kivuli. Sasa sogea karibu mpaka joho jeusi lijae. Simu inasema "hapa giza," inaongeza mwanga, na kola pamoja na cheti vinaungua. Mtu ni yuleyule, ngozi ni ileile. Kilichobadilika ni hesabu ya simu.

Suluhisho lina hatua tatu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo. Bonyeza na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, kama simu yako inaruhusu. Kisha buruta alama ya jua juu au chini, huku ukiangalia shavu lake: uone ngozi, si bapa jeusi. Anga likiungua kidogo, liache liungue. Hakuna mzazi atakayetundika picha ya anga.

Na historia nayo inachangia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za mwanzo. Ni mpaka miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti za ngozi. Mwaka 2021 Google nao walitoa simu ya Pixel 6 wakitangaza teknolojia ya kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Ukiona kampuni inatangaza hilo mwaka 2021, ujue tatizo halikuwa kwako. Ndiyo sababu binafsi sipendi zile programu za "urembo" zinazomng'arisha mtu mpaka mama yake amsahau. Zinatibu ugonjwa ambao haupo. Ongeza mwanga, acha rangi ya mtu ibaki yake.

3. Mpangilio: kila kilichomo kwenye fremu kinasema kitu

Igawe fremu kwa mistari miwili wima na miwili ya kulala. Simu nyingi zina gridi hiyo kwenye mipangilio, iwashe. Weka macho ya mtu karibu na mstari wa juu, na mwili kwenye mstari wa kushoto au kulia akiwa anatazama kule kwenye nafasi tupu. Kumweka katikati si dhambi, hasa mbele ya jengo lenye pande zinazolingana, ila uwe umechagua mwenyewe.

Kabla hujabonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne. Kuna nguzo ya umeme inayoota kichwani? Ndoo ya fundi? Mkono wa mtu asiyehusika? Hatua moja kushoto inaondoa mengi. Usikate watu kwenye viungo: kata katikati ya paja, usikate gotini. Usikuze kwa vidole, maana mara nyingi simu inakata tu kipande cha picha na kukitanua. Tembea.

Picha ya kundi ndiyo mtihani wenyewe. Lenzi pana ya simu inavuta walio pembeni, wanatoka wanene na vichwa vimepinda. Rudi nyuma hatua kadhaa, acha nafasi pembeni. Wazee wakikaa, piga goti uwe usawa wa macho yao, kwani kuwapiga kutoka juu kunawafanya wadogo. Kama ngozi zinatofautiana, aliye mweusi zaidi akae upande mwanga unakotokea, na aliye mweupe upande wa mbali. Usiku, usitegemee flashi kwa mistari mitatu ya watu: aliye mita 2 kutoka kwenye flashi anapata robo tu ya mwanga wa aliye mita 1. Wa mbele wataungua, wa nyuma hawatakuwepo. Waweke mstari mmoja, au wasogeze kwenye taa ya baraza.

Neno kwa wanaokwenda mazoezi ya kufundisha

Mtapiga picha za madarasa, najua. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule kwanza, na usimrushe mtoto wa mtu kwenye stetasi yako. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na darasani, wageuze wanafunzi waelekee madirisha, usiwapige wakiwa wameyapa mgongo. Yule mtoto wa kona ya nyuma, mweusi kuliko wote, naye ana haki ya kujiona siku picha ikibandikwa ubaoni. Akijitafuta asijione, amefundishwa kitu, na si kile ulichoandika kwenye andalio.

Kazi ya wiki

Jumatatu: mpige rafiki yako mahali pamoja saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Linganisha macho.

Jumatano: mpige mbele ya ukuta mweupe, kisha mbele ya ukuta mweusi, bila kurekebisha chochote. Rudia ukirekebisha eksposha usoni.

Ijumaa: piga uso mmoja dirishani, mara moja na manila, mara moja bila manila.

Jumapili: piga kundi la watu watano, kila sura isomeke.

Picha ya Jumapili mwonyeshe kila mmoja wa wale watano, aikuze kwa vidole atafute sura yake. Mmoja akisema hajaiona, rudia zoezi.