Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja
Kiyoyozi kikiacha kupoza, mwenye nyumba asikimbilie kuongeza gesi. Kwanza asafishe vichujio. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haiishi kwa matumizi kama ya kupikia. Ikipungua, imevuja.

Fundi aliyehitimu hufuata hatua hizi:

1. Hupaka povu la sabuni kwenye viungio ili kuona panapovuja.
2. Hukusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, kisha huziba.
3. Huondoa hewa na unyevu kwa pampu.
4. Hujaza gesi kwa mizani, kulingana na aina na uzito ulioandikwa kwenye mashine.

Gesi aina ya R-32 inaweza kushika moto, hivyo kazi hii si ya kujaribia nyumbani. Anayeongeza gesi bila kuziba atalipa tena.