Kudumu katika Nia Tuliyoiweka
Somo: Wafilipi 3:12-14

Ndugu wapenzi, kila mwaka uanzapo twawasikia Wakristo wengi wakiweka nia: huyu atasoma Maandiko kila siku, huyu atalipa deni lake, na yule ataacha pombe. Lakini masika yafikapo, nia nyingi zimekwisha kufa. Na liko jambo baya kuliko kushindwa: aliyeshindwa huona haya, akajificha, hata ibadani asionekane tena.

Na tumtazame Mtume Paulo. Kwanza, akiri wazi ya kuwa hajafika. Pili, ayasahau yaliyo nyuma. Tatu, akaza mwendo, kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kushikwa na Kristo. Hapo ndipo penye mzizi. Sisi twadhani ya kuwa twaishika nia kwa nguvu za mikono yetu. Kumbe, mikono yetu ilegeapo, yuko atushikaye.

Mfano tunao karibu. Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg katika Ujerumani, alifika Rabai karibu na Mombasa mwaka 1846. Mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Mwaka 1853 mwenzake Krapf alirudi kwao kwa ajili ya ugonjwa. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, mkewe akafa, macho yake yakafifia hata akawa kipofu. Walakini alidumu kukusanya maneno ya lugha za Waafrika, neno kwa neno, mpaka alipoondoka mwaka 1875. Alikufa mwaka 1876, na kamusi yake ya Kinyasa ikapigwa chapa mwaka 1877. Yeye hakuishika mkononi.

Sisi nasi twaungama. Tuliweka nia ya kuwazuru wagonjwa kila Alhamisi, tukashindwa, kisha tukaona haya kwenda tena. Siku moja bibi mmoja mgonjwa alituuliza kwa upole, “Baba mchungaji, kwani Alhamisi nyingine haiji?” Neno lile lilituinua kuliko hotuba nyingi.

Basi, ndugu, weka nia moja tu, wala si kumi. Iombee asubuhi. Jioni, ukiwa umeshindwa, ungama, upokee msamaha, ulale. Kesho anza tena, usingoje mwaka mpya.

Maswali kwa waalimu:
1. Paulo alishikwa na nani kabla ya kukaza mwendo?
2. Ni nani katika usharika wetu aliyejificha kwa haya, naye angoja kuitwa?