Njia ya Kibauni wakati wa matope: ninavyoilinda

Novemba 2023, mvua za El Niño zikiwa zimechacha, niliwaongoza watu 18 kupanda vilima vya Kibauni, huku kwetu Mwala, kaunti ya Machakos. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilijua, ila wageni walitoka Nairobi alfajiri na mapema, nauli wameshalipa, nikakosa moyo wa kuwarudisha. Tulipofika kwenye udongo mwekundu chini ya miamba, aliyetangulia alikuta dimbwi, akalikwepa kwa kukanyaga nyasi za pembeni. Wa pili akakuta pale pa kukwepea pameshakuwa tope, akasogea zaidi. Hadi mtu wa mwisho anapita, kijia cha hatua moja kilikuwa na upana wa hatua nne.

Niliporudi Januari nilikuta korongo changa. Maji yalifuata nyayo zetu, yakang'oa udongo, yakaushusha hadi shamba la mama mzee mmoja tunayemwita Susu, kama tuwaitavyo bibi zetu Ukambani. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mtaro wa ngazi ya shamba lake, uliojaa mchanga hadi mdomoni, mbaazi zimelala kando, akaniuliza, "Mwanangu, hao wageni wako wanajua maji yanakokwenda?" Nikamwomba sepetu. Nilizoa siku hiyo na siku iliyofuata, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza haya.

Jambo la kwanza ni kujua kama njia inakanyagika, na hilo huwezi kuliuliza anga. Jua laweza kuwaka saa nne asubuhi na udongo bado ni uji. Mimi huchota udongo wa njiani, nikauviringisha kati ya viganja. Ukitoka uzi mwembamba kama mnyoo usiokatika, siku hiyo hatupandi. Ukimeguka, twende. Udongo mwekundu wa miteremkoni hukauka upesi. Siku mbili za jua kali kwa kawaida zinautosha. Ule mweusi wa bondeni, unaonata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama jiwe, niliwahi kuusubiri wiki nzima. Kipindi cha hatari zaidi kwetu ni Oktoba hadi Desemba, kwa sababu mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, na huja baada ya miezi ya kiangazi kirefu iliyoiacha ardhi bila nyasi.

Ukinaswa na mvua ukiwa tayari juu, pita katikati ya tope. Najua inaudhi. Kila mguu unataka kwenda pembeni palipo pakavu, na ni huko pembeni njia inakofia, kwa sababu mizizi ya nyasi ndiyo inayoshika kingo. Yeyote aliyepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru anakijua kinamasi cha mteremkoni kilicho juu ya kituo cha hali ya hewa. Kule nako watu hutafuta pakavu, na kila anayekwepa anaongeza tope. Sasa wageni wangu nawaambia siku mbili kabla: njooni na gambuti, au viatu msivyovionea huruma. Tunapita kwa mstari mmoja. Pikipiki na baiskeli zinabaki chini bila mjadala, maana mfuo wa tairi ni mfereji ulio tayari, unangoja maji tu.

Lakini kungoja na kupita katikati hakutoshi kama maji yenyewe yana makao njiani. Hapa watu wa Machakos hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta elimu. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Ukamba imekwisha kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka sana na mmomonyoko umepungua, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mikono: ngazi za fanya juu, zilizochimbwa na vikundi vya kusaidiana kazi vya mwethya, udongo wa mtaro ukirushwa upande wa juu ili maji yatulie shambani.

Njiani nia ni kinyume: maji yatoke, na yatoke mapema kabla hayajapata nguvu. Tunachimba mfereji wa kina cha kiganja, ukikatiza njia kwa mshazari, mawe yakipangwa upande wa chini na kuzikwa nusu. Mshazari ni muhimu. Wa kwanza tuliuchimba ukikata njia moja kwa moja, ukajaa tope kwa mvua mbili. Ulioinama hujisafisha wenyewe. Penye mwinuko mkali tunauweka kila baada ya hatua kumi, penye wastani kila thelathini. Na mdomo wake sharti umwage kwenye nyasi au mawe, kamwe si kuelekea shamba la mtu. Ukitaka kujua pa kuchimba, vaa koti la mvua, usimame pale pale mvua ikinyesha, uyatazame maji yanavyopita. Dakika ishirini za namna hiyo zilinifundisha kuliko kiangazi kizima.

Usimwage udongo mkavu kwenye dimbwi. Nilifanya hivyo, nikaongeza tope tu. Toa maji kwanza, kisha jaza kokoto.

Vijia vya mkato tumeviziba kwa matawi ya migunga, na kwenye kingo zilizokatika tunapandikiza nyasi za makarikari, zile zile zinazoshika ngazi za mashamba yetu. Pandikiza mvua za kwanza zikigusa ardhi, kisha paache pasikanyagwe msimu mzima.

Mtaro wa Susu haujajaa mchanga tena tangu tuchimbe mifereji saba juu yake. Kwa hiyo, wewe unayepanga kuja Kibauni Novemba, mpigie simu mwenyeji wako kabla hujatoka nyumbani. Akikuambia udongo bado unaviringika, ahirisha. Kama lazima uje, njoo na jembe.