Kabla Hujanunua Simu, Uliza Mfumo Wake: Somo Kutoka kwa Nokia

Wengi wetu tukiingia dukani kununua simu huuliza mambo matatu: kamera iko aje, betri inakaa saa ngapi, na bei ya mwisho ni ngapi. Ni maswali mazuri. Leo tungependa uongeze la nne: hii simu inatumia mfumo gani, na huo mfumo utahudumiwa hadi lini? Jibu lake ndilo litaamua kama programu zako za benki, za kutuma pesa na za kuongea na wateja zitaendelea kufunguka miaka miwili au mitatu ijayo.

Ili tuelewane, tutumie mfano wa kampuni ambayo simu zake zimepita katika nyumba nyingi sana nchini: Nokia.

Mfumo endeshi ni nini?

Kioo, betri na kamera ni mwili wa simu. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayouamrisha mwili huo. Programu nyingine zote hukaa juu yake. Iliyotengenezewa Android haifunguki kwenye iPhone, na ya iPhone haifunguki kwenye Android. Kwa hivyo anayetengeneza programu hulazimika kuiandaa kwa kila mfumo anaotaka kuufikia, na hiyo ni gharama. Akiona mfumo una watu wachache, anauruka.

Uamuzi wa Februari 2011

Mwanzo wa 2011 Nokia bado ilikuwa inauza simu nyingi kuliko kampuni yoyote duniani. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. iPhone ilikuwa sokoni tangu 2007, na simu ya kwanza ya Android tangu 2008. Symbian, mfumo wa Nokia, ulizaliwa enzi za simu za kubonyeza, na kwenye kioo cha kugusa ulionekana mzee.

Nokia ilikuwa na njia kadhaa. Ingeendelea kukarabati Symbian. Ingemalizia MeeGo, mfumo mpya iliokuwa ikiutengeneza pamoja na Intel. Ingechukua Android, kama walivyofanya Samsung na HTC. Ama ingechukua Windows Phone ya Microsoft.

Tarehe 11 Februari 2011, jijini London, mkurugenzi mkuu Stephen Elop, aliyekuwa ametoka Microsoft miezi michache tu kabla ya hapo, alitangaza kwamba Nokia itaenda na Windows Phone.

Kwa nini si Android? Elop alieleza baadaye kwamba walihofia kampuni moja ingeutawala ulimwengu wa Android na kuwafunika wengine. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana Samsung ilikuja kufanya karibu hivyo. Tena Microsoft iliahidi msaada wa pesa, dola milioni 250 kila robo mwaka. Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa inaingiana.

Soko lisilo na wateja

Simu zenyewe, Lumia, hazikuwa mbaya hata kidogo. Zilikuwa na rangi za kuvutia na mwili mgumu, na Lumia 1020 ya 2013 ilikuwa na kamera ya megapikseli 41. Shida haikuwa mwili. Shida ilikuwa duka la programu.

Fikiria soko jipya la kaunti. Limejengwa vizuri, mabati mapya, maji yapo, lakini liko tupu. Mama mboga hahami kwa sababu wateja hawajahamia huko. Wateja nao hawahami kwa sababu hakuna mboga. Wote wanabaki kandokando ya barabara walikozoeana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Windows Phone. Instagram, kwa mfano, iliingia Android Aprili 2012, lakini wenye Windows Phone walingoja hadi Novemba 2013.

Hapa kwetu ushindani huo tuliuona kwa macho. Mwaka 2011 Huawei IDEOS, simu ya Android, iliuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na wengi wakapata simu janja yao ya kwanza. Mwaka 2013 Microsoft ikajibu kwa kuleta Huawei 4Afrika, simu ya Windows Phone iliyolenga nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Lakini wakati huo wateja walikuwa wameshazoea soko la Android, na bei za simu za Android zilizidi kushuka.

Mwisho wake unajulikana. Aprili 2014 Microsoft ilimaliza kununua biashara ya simu ya Nokia. Julai 2015 ikatangaza hasara ya dola bilioni 7.6 kutokana na biashara hiyo, na kazi hadi 7,800 zikapunguzwa. Kisha tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone. Simu ilikuwa nzima, kioo hakijapasuka, betri inashika chaji, lakini mwenye biashara aliyekuwa anapokea oda za wateja kwa WhatsApp ilibidi atafute simu nyingine. Kampuni ndiyo iliyochagua mfumo, lakini mnunuzi naye alilipa.

Je, pesa zangu ziko wapi?

Simu ikizeeka, au mfumo wake ukiachwa, pesa zako hazipotei. Pesa haziko ndani ya simu, wala ndani ya programu. Akaunti yako imefungamana na namba yako ya simu na kitambulisho chako, na pesa za wateja huwekwa katika akaunti za amana benki. Programu ni mlango tu.

Na si mlango wa pekee. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, iPhone ilikuwa bado haijaanza kuuzwa. Watu walituma pesa kwa menyu ya laini, kwa kabambe na mulika mwizi. Hadi leo menyu ya laini na namba za nyota na reli hufanya kazi bila programu na bila bando. Kwa hivyo programu ikikataa kufunguka, usibabaike na usikubali "kusaidiwa" na mtu usiyemjua. Tumia menyu ya laini kwanza, kisha upange kubadilisha simu.

Ukienda kununua simu, fanya hivi

1. Angalia toleo la mfumo. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Toleo likiwa la miaka mingi iliyopita, bei nafuu inaweza kuwa mtego. Hili ni muhimu zaidi kwa simu zilizotumika na za kulipa polepole, maana unaweza kumaliza kulipa wakati programu zimeshaanza kukataa.

2. Angalia tarehe ya sasisho la usalama. Simu iliyoacha kupata masasisho ni kama nyumba yenye kufuli linalojulikana na wezi.

3. Uliza simu itapata masasisho kwa miaka mingapi. Kampuni nyingi siku hizi hutangaza. Muuzaji asipojua, tafuta mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni.

4. Jaribu programu zako hapo hapo dukani. Hakikisha duka la programu linafunguka na simu haijafungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani. Kwa simu mpya za Huawei, ambazo tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 huja bila huduma za Google, thibitisha kwanza kwamba programu ya benki yako ipo.

5. Usiweke programu ya pesa kutoka kwa linki uliyotumiwa. Duka rasmi likisema simu yako haifai tena, faili ya kutumiwa na mtu si suluhisho. Nyingi ya faili hizo hutengenezwa ili kuiba PIN.

6. Ukiuza simu ya zamani, toka kwenye akaunti zote, futa kila kitu kwa kurudisha mipangilio ya kiwandani, na utoe laini yako.

Leo karibu simu janja zote duniani ni Android au iPhone. Hata simu mpya zenye jina la Nokia, zilizorudi 2017 chini ya HMD Global, zilikuja na Android. Hata hivyo, Android ya zamani nayo huachwa, na iPhone ya zamani vilevile. Ukiwa na simu mkononi sasa hivi, fungua Mipangilio uangalie toleo lako na tarehe ya sasisho la mwisho. Ni dakika moja tu, na hakuna malipo.