Kumtafuta aliyekamatwa: kutoka dawati la OB hadi korti ya Thika

Saa tatu za usiku kijana hajarudi nyumbani Kiganjo. Simu yake imezimwa. Mwendeshaji boda boda wa stejini anasema alimwona akipandishwa gari, lakini hakutambua lilikuwa gari la nani. Familia huanza kupigia simu kila mtu inayemjua: chifu, mwakilishi wadi, binamu aliye askari Mombasa. Asubuhi wengine hufika katika ofisi za kaunti wakiamini kwamba kaunti ina orodha ya waliokamatwa usiku.

Haina. Katiba ya mwaka 2010 iliacha polisi, korti na magereza mikononi mwa taasisi za kitaifa. Kaunti ya Kiambu haina jela wala daftari la mahabusu. Hata hivyo swali hili hutufikia mara kwa mara, na anayelibeba huwa hajalala. Kwa hiyo tunaeleza hapa rekodi hizo ziko wapi na mwananchi ana haki gani ya kuziulizia.

Jamaa zetu walio Marekani huongeza mkanganyiko bila kukusudia. Huko, katika kaunti nyingi, ofisi ya sherifu huweka kwenye mtandao majina ya walioingia jela, mara nyingi pamoja na picha zao. Shangazi akiwa kule hushangaa kwa nini wewe ukiwa Thika huwezi kutazama tu tovuti ya kaunti. Kenya hakuna orodha ya namna hiyo iliyo wazi kwa umma. Kwa maoni yetu hilo lina uzuri wake, kwa kuwa mtu aliyekamatwa bado hajapatikana na hatia, na picha ikishasambaa haifutiki hata kesi ikitupwa. Ubaya wake ni kwamba wewe mwenyewe, au mtu unayemwamini, lazima aende kwa miguu yake hadi kituoni.

Dawati la kituo

Rekodi ya kwanza ni OB, yaani Kitabu cha Matukio, kinachokaa kwenye dawati la kupokea ripoti. Karibu kila jambo linalofika kituoni huandikwa humo kwa mfuatano: mbuzi aliyeibwa, ajali, mtu aliyeletwa na pingu. Kila jambo hupewa namba. Ukipewa OB 23/14/5/2025, maana yake ni tukio la 23 la tarehe 14 Mei 2025. Iandike mahali, usiiweke kichwani. Kwa namba hiyo askari wa zamu inayofuata atalipata tukio mara moja. Bila namba atalazimika kufungua kurasa, na huenda asiwe na subira hiyo.

Mbali na OB, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka mkuu wa kituo kuweka rejista ya wanaozuiliwa. Humo huandikwa jina la aliyekamatwa, sababu, tarehe na saa, askari aliyemkamata, siku aliyofikishwa kortini, na kama amehamishwa, amehamishwa lini na wapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika sana na wanaouliza. Kituo kisicho na seli ya wanawake, kwa mfano, huenda kikampeleka mwanamke kituo kingine. Ukiambiwa "hayuko hapa", uliza papo hapo: "Je, aliletwa hapa? Alihamishiwa wapi?"

Anza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatwa, si kilicho karibu na nyumbani kwenu. Aliyekamatwa mjini huenda yuko Kituo cha Polisi cha Thika au Makongeni. Aliyekamatwa njiani akitoka kazini huenda yuko Juja au Ruiru, na akiwa amevuka Kahawa huenda yuko mikononi mwa vituo vya Nairobi. Tahadhari ndogo: ukitafuta kwenye simu "polisi Kiganjo", utaletewa Kiganjo ya Nyeri, kuliko na chuo cha mafunzo ya polisi. Huko hawatakuwa na habari za kijana wako.

Taja jina lililo kwenye kitambulisho. Hili linaonekana dogo lakini limewazungusha watu usiku kucha. Kijana anayejulikana mtaani kwa jina la utani ameandikwa kituoni kwa majina matatu ambayo rafiki zake hawayajui. Beba nakala ya kitambulisho chake ikiwa ipo, ujue alivaa nini, na kama kuna aliyeona, waliomchukua walivaa sare gani na gari lilikuwa na namba gani. Kituo hakifungwi usiku. Kuuliza hakulipiwi.

Simu kuzimwa si lazima iwe ishara ya jambo baya. Mtu akiingizwa seli, simu, mshipi na pesa zake huchukuliwa na kuwekwa hadi atakapotoka. Lakini Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji, na haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Unaweza kumkumbusha askari wa zamu jambo hilo kwa upole. Sauti ya juu katika dawati la OB haijawahi kumsaidia aliye ndani.

Akikosekana katika vituo vyote, toa ripoti kwamba mtu amepotea, nayo iandikwe katika OB na upewe namba. Imani kwamba ni lazima kungoja saa 24 kabla ya kuripoti imeenea sana mitaani, lakini hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo.

Saa 24, na hesabu ya Ijumaa

Saa 24 zinahusu jambo lingine. Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na si baada ya saa 24 tangu akamatwe. Saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za korti, au siku ambayo si ya korti, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Tufanye hesabu. Aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi anapaswa kuwa mbele ya hakimu kufikia Jumatano saa nne. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake 24 zinaisha Jumamosi, siku isiyo ya korti, kwa hiyo polisi wana hadi mwisho wa Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, ni Jumanne. Ndiyo sababu familia za waliokamatwa Ijumaa huona kama sheria imevunjwa na kumbe haijavunjwa bado.

Si kila anayekamatwa hungoja korti. Mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa bondi ya polisi au dhamana ya pesa taslimu. Bondi ni ahadi ya kufika, hailipiwi chochote. Pesa taslimu zikitolewa lazima upewe risiti ya serikali, kwa kuwa ni pesa zako na zinapaswa kurudi mshukiwa akitimiza masharti. Pesa zisizo na risiti haziko kwenye rekodi yoyote, na hutakuwa na pa kuzidai. Vilevile, Katiba inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Wachuuzi wengi hawaijui sentensi hiyo.

Tukiwataja wachuuzi, hapa kaunti inahusika moja kwa moja. Aliyechukuliwa na kanjo sokoni au kando ya barabara anapaswa kukabidhiwa kituo cha polisi na kuandikwa kama mshukiwa mwingine yeyote. Saa zake 24 huanza aliposhikwa na kanjo, si alipofika kituoni. Ikiwa hujui alipopelekwa, hilo ni swali halali la kuuliza katika ofisi ya kaunti ndogo ya Thika, pamoja na zilipo bidhaa zilizochukuliwa.

Mtoto ni suala tofauti. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai, na mtoto yeyote hapaswi kuchanganywa na watu wazima katika seli. Mzazi akisikia mwanawe amekamatwa, aende na cheti cha kuzaliwa na amtafute pia afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Kortini na gerezani

Akishapelekwa kortini, rekodi yake huhamia huko. Kwa wengi wetu ni Mahakama ya Thika, ingawa Ruiru na Gatundu pia zina mahakama zao. Fika mapema asubuhi, tazama orodha ya kesi za siku iliyobandikwa ubaoni, kisha nenda kwenye masjala ya jinai. Huko mambo hupangwa kwa namba ya faili, na jina peke yake linaweza kukukawiza. Namba ya OB na jina la kituo humsaidia karani kukupatia faili. Kesi za jinai husikizwa hadharani, na una ruhusa ya kuingia na kuketi.

Akinyimwa dhamana au akikosa ya kulipa, atapelekwa rumande. Wanaume kutoka korti ya Thika aghalabu hupelekwa Gereza la Thika, na wanawake katika gereza la wanawake la huko huko. Hati ya korti ndiyo huonyesha gereza, kwa hiyo muulize karani kabla ya kuondoka, usije ukafunga safari ya bure.

Pale daftari lisipoandikwa

Kila tulichoeleza kinategemea jina kuandikwa, na kuna wakati haliandikwi. Kutoka Thika tunauona mlima wa Kilimambogo. Katika Mto Athi, upande huo wa mlima, ndiko ilikopatikana miili ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri mwaka 2016. Mwenda, mwendeshaji boda boda, alikuwa amemshtaki askari kwa kumpiga risasi. Tarehe 23 Juni watatu hao walitekwa baada ya kutoka korti ya Mavoko, wakazuiliwa kwa siri katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni na kuutupa nje, akimwomba atakayeuokota ampigie mkewe simu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja, na hukumu zikatolewa Februari 2023.

Kwa hiyo jibu la "hatumjui" si mwisho wa safari. Ziko njia tatu, na unaweza kuzitumia kwa pamoja. Mamlaka Huru ya kusimamia polisi, IPOA, hupokea malalamiko bila malipo kwa simu 1559. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Thika, iamuru polisi wamlete mtu huyo mbele yake akiwa hai na waeleze kwa nini wanamzuilia. Haki hiyo Katiba hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Njia ya tatu haitumiwi sana, na ni hasara. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu upatikanaji wa habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la kawaida. Lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ipeleke kwa mkuu wa kituo, OCS, ukiwa na nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ukae nayo. Maneno machache yanatosha:

"Mimi, (jina na namba ya kitambulisho), ni mama yake (jina kamili na namba ya kitambulisho). Alionekana mara ya mwisho (mahali, tarehe na saa). Naomba kujulishwa kwa maandishi kama ameandikwa katika OB au rejista ya wanaozuiliwa ya kituo hiki, kwa kosa gani, na kama amehamishwa, wapi. Ombi hili linahusu uhuru wa mtu. Simu yangu ni (namba)."