Meno Bandia Hayanunuliwi kama Viatu

Sisi wa Elimu tunaosoma Kiswahili tuliambiwa mapema kabisa kwamba /f/ na /v/ ni sauti za midomo-meno, /th/ na /dh/ ni za meno, /s/ na /z/ ni za ufizi. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukasonga mbele. Sikumbuki mtu aliyenyoosha mkono kuuliza: sasa mtu asiye na jino hata moja anazitamkaje?

Kwenye pwani yetu hii, kuanzia Mikindani kushuka hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, swali hilo lina watu wake. Mchukue mwalimu wa madrasa. Herufi faa inataka ncha za meno ya juu ziguse upande wa ndani wa mdomo wa chini. Thaa na dhaal zinataka ncha ya ulimi ifike kwenye ncha za meno hayo hayo. Meno yakiondoka, makhraji yanaondoka nayo, na watoto wanarudi nyumbani na kile walichosikia. Babu yangu mzaa mama alifundisha hivyo miaka kadhaa, halafu akaacha mwenyewe bila kusema sababu. Sote tulijua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye miaka 20 na kuendelea hawana jino hata moja, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 23. Kwa hiyo wengi wetu humu chuoni tuna mzee wa namna hiyo nyumbani, na siku ikifika sisi ndio tutakaopigiwa simu: "Mjukuu, wewe msomi, haya meno ya kuweka yakoje?" Basi tujue.

La kwanza kujua ni kwamba kinywa kisicho na meno hakibaki kilivyo. Mfupa wa taya uliokuwa umeshika mizizi unakosa kazi, unaanza kupungua. Unapungua haraka zaidi miezi ya mwanzo, kisha polepole maisha yote. Taya la chini ndilo linaloumia zaidi. Utafiti wa Tallgren wa 1972, uliofuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, ulionyesha sehemu ya mbele ya taya la chini ikipungua kimo karibu mara nne kuliko la juu. Ndiyo maana mzee anakunja uso, kidevu kinapanda kuelekea pua. Na ndiyo maana kila mwenye meno bandia atakwambia: ya juu hayana shida, ya chini ndiyo yanaogelea.

Sasa, yanashikaje bila msumari wala gundi? Kwa mate. Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la maji katikati, jaribu kuvitenganisha kwa kuvuta moja kwa moja. Utaona kazi. Seti ya juu inafunika kaakaa lote, utando mwembamba wa mate unakaa kati, na ukingo wake ukiziba vizuri pande zote hewa haipenyi. Seti ya chini haina kaakaa la kushikia. Inakaa juu ya ukuta mwembamba wa ufizi, ulimi unaisukuma huku, shavu linaisukuma kule.

Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini babu alipigwa. Alipita mtu mtaani akijiita fundi meno, akachukua alama ya kinywa mara moja, jioni akaleta seti. Kwa sura yalikuwa mazuri kweli. Lakini ukingo ulikuwa mrefu kupita kiasi, ukamchana chini ya ulimi, na akifungua mdomo kusema tu, ya juu yanadondoka. Yakahamia kwenye kikombe kabatini.

Njia sahihi ina mahudhurio kama matano, na kila moja lina sababu yake. Siku ya kwanza daktari anaangalia kinywa: vidonda, mizizi iliyobaki ndani, fangasi. Kisha anachukua alama ya awali, mara nyingi kwa unga wa alginati uliokorogwa na maji. Hapo watu wa pwani wasikilize: alginati inatoka kwenye mwani, ingawa ni mwani wa kahawia, si ule wanaoulima akina mama wa huku. Alama inamiminiwa plasta, yaani jasi iliyochomwa na kusagwa, ndugu yake chaki tunazoshikia BTP. Inapatikana sanamu ya kinywa.

Juu ya sanamu hiyo fundi anatengeneza kijitrei cha mgonjwa huyo peke yake. Hudhurio la pili ndilo yule wa mtaani aliloliruka. Daktari anazungushia ukingo wa trei kompaundi laini yenye moto, anamwambia mgonjwa avute midomo, atoe ulimi, afungue mdomo. Misuli yenyewe inachonga mwisho wa ukingo: ukivuka hapa utanichana. Halafu ndani inapakwa dawa laini sana ya kuchukua alama ya mwisho. Moja inayotumika sana ni oksidi ya zinki iliyochanganywa na yujenoli, ile inayopatikana kwenye mafuta ya karafuu. Ukinusa tu unajua. Mwani, jasi, karafuu: nusu ya kazi hii ungeweza kuielezea ukiwa umesimama sokoni.

Hudhurio la tatu ni la vipimo, na hapa ndipo fonetiki inaporudi. Mgonjwa anavalishwa matuta ya nta mahali pa meno. Anaambiwa atamke "mama" kisha anyamaze, midomo ikigusana kidogo. Taya limetulia. Daktari anapima kutoka pua hadi kidevu, halafu anapima tena mgonjwa akiwa ameuma nta. Kipimo cha kuuma kinatakiwa kuwa kifupi kwa milimita 2 hadi 4. Pakikosekana nafasi hiyo, meno yatagongana kila anapoongea na misuli haipumziki. Ikizidi sana, uso unabaki umekunjamana. Matuta hayo yanapelekwa maabara na kufungwa kwenye kifaa chenye bawaba kinachoigiza taya, na fundi anapanga meno kwenye nta, kwa kawaida 14 juu na 14 chini. Magego ya mwisho hayawekwi.

Hudhurio la nne ni la kujaribu, meno yakiwa bado kwenye nta na kila kitu kinaweza kuhamishwa. Akitamka "fundi" au "faida", ncha za meno ya juu ya mbele ziguse mdomo wa chini kwa wepesi, pale unyevu unapokutana na ukavu. Akihesabu "sita, saba, sitini", meno ya juu na ya chini yasogeleane bila kugongana. Yakigongana kwenye /s/, kimo kimezidi. Binafsi naona huu ndio mtihani mzuri kuliko yote ya fonetiki, na hausahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Hapo pia mgonjwa anachagua sura. Picha ya zamani inasaidia sana. Na kwetu huku picha ya zamani inaweza kuleta jambo: wazee wa Kimakonde wa enzi hizo walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Bibi akitaka yake yachongwe vile vile? Akriliki inachongeka. Kinywa ni chake, aseme mapema.

Akikubali, nta inatolewa kwa maji ya moto na nafasi yake inajazwa akriliki, plastiki ya jamii ile ile inayotengenezea vioo vya taa za nyuma za magari. Inaivishwa kwenye maji taratibu. Njia moja ni nyuzi 74 kwa saa 8 hivi. Ukiharakisha, inatoka na vitundu. Akriliki iliingia kwenye kazi hii miaka ya 1930. Kabla yake ilikuwa mpira uliochemshwa na salfa, na nyuma zaidi Wazungu walichonga meno bandia kutoka pembe za kiboko. Zile za George Washington, ambazo watu husema zilikuwa za mbao, zilikuwa na pembe hizo na meno ya watu halisi. Viboko wa Ruvuma washukuru kemia.

Siku ya kukabidhiwa si mwisho. Arudi kesho yake na wiki inayofuata, maana vidonda vidogo lazima vitokee na vinarekebishwa kwa kukwangua seti, si kwa kuvumilia. Mzee asidanganywe kuhusu chakula pia: nguvu ya kuuma itakuwa robo ya ile ya meno ya asili, au pungufu. Aanze na samaki na uji mzito, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Ming'oko iliyochemshwa vizuri ataiweza baadaye. Pweza na korosho nzima, taratibu. Na kila asubuhi asome kwa sauti dakika kumi, ulimi ujifunze nyumba mpya.

Usiku ayavue. Ufizi unapumzika na fangasi wanakosa makao. Ayasugue kwa sabuni na mswaki laini juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Majivu na mkaa vinakwaruza, maji ya moto yanapinda. Ayalaze kwenye maji safi ya baridi.

Kinachokwamisha ni safari. Msimbati hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 30, mara tano au sita kwenda na kurudi, na mzee hatembei peke yake. Kabla hamjamtoa nyumbani, ulizeni kliniki ya meno mambo matatu: fundi wa maabara yupo hapa au kazi inatumwa mkoa mwingine, bei ya seti nzima pamoja na marekebisho, na kama kadi ya bima inagusa meno bandia. Kama kuna ndugu Chikongola au Majengo, alale huko wiki ya kukabidhiwa. Na baada ya miaka michache, ya chini yakianza kuogelea tena, msimjazie pamba wala gundi ya dukani. Mfupa umepungua, apelekwe yakawekwe tabaka jipya ndani.