Viraka vya Kumpokea Mtoto

Nyumba inayosubiri mtoto haikosi kanga: za kumfutia, za kumfunikia, na moja ya mbeleko. Ukitaka kumpa mgeni huyo kitu kilichotoka mikononi mwako, mshonee mfarishi wa viraka, yaani blanketi jepesi la tabaka tatu, na mto wa kuandamana nao. Kumbuka tu kwamba mtoto mchanga anacheua na kukojoa saa zote. Shona kitu kinachofulika, maana mfarishi unaoogopa maji utaishia kabatini.

1. Pita kwa ndugu kabla ya kwenda dukani. Shangazi ana kanga iliyochakaa upande mmoja, babu ana kikoi asichokivaa tena, na fundi cherehani wa mtaani ana mfuko wa mabaki ya vitenge. Kitambaa kilichofuliwa miaka mingi ni laini kuliko chochote utakachonunua. Hakikisha tu ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta iache, haifyonzi jasho.

2. Fua kwanza, kata baadaye. Kanga mpya ina dondo, na pamba hunywea ikiguswa na maji kwa mara ya kwanza. Ukishona kipya na kikuukuu pamoja bila kufua, kipya kitanywea baadaye na mfarishi utajikunja. Nyekundu na buluu iliyokolea ziloweke peke yake, kisha ubonyezee kitambaa cheupe juu yake. Kikipata rangi, rudia kufua. Ikiwa baada ya maji kadhaa kitambaa cha rangi bado kinachuja, kiweke kando hata kama ni kizuri namna gani.

3. Piga hesabu kwenye karatasi. Kwa mfarishi wa inchi 36 kila upande unahitaji vipande 36 vya mraba, kila kimoja kikatwe inchi 6 na nusu. Robo inchi inaliwa na mshono kila upande, inabaki inchi 6 kamili. Kata kigezo cha kadibodi ngumu ukizungushie chaki, usipime kila kipande upya kwa futi. Vipange vyote sakafuni kabla ya kushona hata kimoja, usogee nyuma, utazame. Vyenye rangi iliyokolea vitenganishe, na usiruhusu maua makubwa mawili yakae jirani. Shona safu sita za vipande sita, piga pasi mishono ya safu ya kwanza ielekee kulia na ya pili kushoto, kisha uziunganishe. Pembe zitakutana zenyewe. Mgongo utoke kwenye kanga moja ya doti: kata inchi 40 kwa 40, na kipande kinachobaki ukate kanda nne za inchi 2 na nusu. Ukiziunganisha zinatosha kuzunguka ukingo wote. Kanga ya pili usiiguse. Mpe mama iwe mbeleko, ili mgongo wa mfarishi na mbeleko viwe doti moja.

4. Soma jina la kanga kabla ya kuikata. Kanga nyingi zimebeba mafumbo ya kurushiana, na mtoto hana sababu ya kulala juu ya ugomvi wa watu. Tafuta yenye dua au upendo, ukate ili maneno yabaki mazima mgongoni. Atakapoanza kusoma, hayo yatakuwa maandishi yake ya kwanza nyumbani.

5. Tabaka la kati lifuate hali ya hewa. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kanga moja kuukuu inatosha. Njombe au Limuru, weka flana au blanketi jembamba la pamba. Likate inchi 40 kama mgongo, tandika matabaka matatu bila kukunjamana, upige bandi kuanzia katikati kwenda pembeni. Shona kupita matabaka yote, kata kinachozidi, uzungushie zile kanda ukingoni, kisha ufumue bandi.

6. Huna cherehani? Wafuate Wasidi. Hawa ni watu wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa mkono mtupu. Hutandika sari kuukuu, huanza kubandika viraka pembeni, kisha huzunguka kidogo kidogo hadi kufika katikati, sindano ikizama na kuibuka kupita matabaka yote. Hapa hakuna kigezo, hakuna vipande vinavyolingana, na hakuna haja ya bandi. Kwenye pembe nne huongeza kiraka kilichokunjwa kiitwacho phula, yaani ua; bila hilo mfarishi huhesabika kuwa uko uchi. Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri zaidi ya zote, kwa sababu wanafamilia wanaweza kukaa mkekani kila mmoja akashona upande wake.

7. Hesabu sindano na pini unapoanza, uhesabu tena unapomaliza. Isipotimia, hakuna kulala mpaka ipatikane. Vifungo, shanga na riboni havina nafasi hapa.

8. Mto ni wa mama. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kinashauri mtoto alale chali, mahali pagumu kidogo na palipo sawa, bila mto wala mfarishi kitandani mwake mwaka wote wa kwanza, kwa sababu vitu laini vinaweza kumziba pumzi. Mwambie mama hivyo waziwazi unapompa zawadi. Mfarishi ni wa kutandikwa mkekani mtoto akiwa macho na mtu akimtazama; mto ni wa kuegemeza mkono wakati wa kunyonyesha. Kwa foronya ya inchi 16, unganisha vipande 16 vya inchi 4 na nusu. Nyuma weka vipande viwili vya inchi 16 na nusu kwa 12, kila kimoja kikiwa kimekunjwa pindo la inchi moja, vipandiane katikati. Mto utaingia na kutoka bila zipu wala kifungo. Ukiujaza sufi, utie kwanza kwenye mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, maana sufi hupeperuka na kuwasha pua. Sufi haipendi maji, kwa hiyo shona foronya mbili.

9. Anika juani, piga pasi pande zote mbili. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au majanini, na funza wake hupenya ngozi ya mtoto. Anika kwenye kamba, mgongo ukitazama jua ili viraka visipauke, kisha ukandamize pasi ya moto polepole hadi kwenye mishono, ambako unyevu hujificha. Wapo wasiopenda mtoto aandaliwe vitu kabla hajazaliwa. Ikiwa familia ni ya namna hiyo, shona kimyakimya, ufue, upige pasi, na uupeleke siku ya kwenda kumtazama.